Mkono Uliopona Ukakataa Kunyamaza

Bwana asifiwe! Hapana, hapana. Nyinyi wa nyuma hamjaitika, na ni nyinyi hasa nimesimama kwa ajili yenu. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Baba Chelangat, nina shamba la majani chai hapa karibu na Kapkatet. Wengine wenu mliniita majina mengine: mwoga, mwenye maringo, mwenye pepo. Leo nimekuja kujibu mbele ya Mungu aliyeniokoa. Mchungaji amenipa dakika chache. Akinikatiza, nitamalizia pale nje.

Mimi nilikuwa mtu wa nguvu. Nilipopashwa tohara, wanaume walinikazia macho usoni wakingoja nikunje uso. Sikupepesa hata ukope! Watu wa rika langu wako hapa, waulizeni. Kwetu Wakipsigis mwanamume aliyepita pale halii tena kwa sababu ya mwili kuuma. Afadhali afe kimya.

Basi mwaka ule, kabla ya mvua ya El Nino, nilikuwa napogoa chai. Panga likateleza kwenye shina, likanikata hapa juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Nikaenda zahanati, nikashonwa, nyuzi zikatolewa, ngozi ikafunga vizuri kabisa. Kila mtu akasema Bwana ametenda.

Kumbe kidonda kilipopona ndipo uchungu ulipoanza! Si uchungu wa kukatwa, huo naujua. Huu ulikuwa moto. Mkono wa shati ukinigusa, moto. Upepo ukivuma, moto. Mvua ya El Nino ilipokuja, kila tone lililoangukia mkono huu lilikuwa maji yanayochemka. Kuchuna majani nikashindwa, Mama Chelangat akawa anachuna peke yake. Nikirudi zahanati, wanatazama kovu, wanabonyeza, naruka, wanacheka. Wakaniambia mzee, hapa hakuna kitu, nenda ukafanye kazi.

Hakuna kitu! Mtu asiyepepesa jicho mbele ya kisu alie kwa sababu ya shati, halafu mnasema hakuna kitu?

Lakini mimi pia nilianza kuona haya, nikaficha. Na kuficha huko ndiko kulikoniharibia. Wageni walikuja kutoka Mulot kumposa binti yangu Chelangat. Mursik, maziwa yetu ya mgando, imeiva kwenye vibuyu, nyumba imefagiwa, wamama wamevaa vizuri. Mzee wa upande ule, arap Tonui, babake kijana, akanyoosha mkono mlangoni kunisalimu: "Chamgei!" Mkono mkubwa, wa mtu wa ng'ombe. Nikauona ule mkono, jasho likanitoka. Nikajua akinibana nitapiga mayowe mbele ya wakwe. Nikampa wa kushoto.

Naona mnashika midomo. Ndiyo, wa kushoto! Kwa mzee wa watu, mlangoni kwangu, siku ya posa. Aliketi kidogo, hakuonja hata mursik, akachukua kofia yake wakaondoka wote. Chelangat aliingia jikoni akalia mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Habari ikawafikia nyinyi kabla jua halijatua. Mkasema ni pepo wa kiburi. Wazee wa kanisa wakanileta hapa mbele, hapa hapa niliposimama, kuniombea. Na mkaushika mkono gani? Huu! Wanaume wanne, wameubana kama mnyama anayekwenda kuchinjwa. Nikapiga kelele. Mkasema, haleluya, pepo anatoka! Mkabana zaidi. Nikalia zaidi. Mkaimba zaidi!

Mama Chelangat ndiye aliyeninusuru. Alipanda hapa na viatu vyake vya shambani, akawavuta mashati mmoja mmoja. Akasema, "Pepo gani anakaa kwenye kovu tu? Mwacheni mume wangu! Mimi nalala naye, najua anaumwa." Mchungaji, unakumbuka. Ulirudi nyuma hatua kadhaa.

Ndugu zangu, wokovu wangu ulianzia kwenye sauti ya huyo mwanamke. Mtu mmoja aliniamini.

Akanipeleka hospitali ya misheni, mbali. Tukakuta daktari mama, mtu wa Nyeri, anaongea haraka haraka. Hakubonyeza. Alichukua pamba, akaipitisha juu ya kovu polepole huku ananitazama usoni, machozi yakanitoka. Akaweka pamba chini. Akasema, "Baba, kidonda kimepona, lakini uchungu wako ni wa kweli."

Nikalia kwa sauti. Sikuona haya hata kidogo!

Akatueleza. Mwilini kuna mishipa ya fahamu inayobeba habari ya uchungu hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Kando ya mishipa hiyo kuna seli nyingine nyingi sana, zinailisha na kuitunza. Akasema wataalamu kwa miaka mingi walizihesabu kuwa gundi tu, kazi yake kushikilia mishipa. Sasa wameanza kuona kuwa mtu akiumia, seli hizo nazo zinaamka, zinamwaga vitu vinavyoichochea mishipa. Na kwa watu wengine kidonda kinapona, lakini zenyewe hazitulii. Basi guso dogo linafika juu kama panga. Akasema bado hawajajua yote, wanaendelea kuchunguza.

Nikamwambia, "Daktari, huyo ni mbwa wangu. Tangu mwizi aingie bomani, hata kuku akipita anabweka."

Akacheka. "Ndiyo huyo! Na mbwa huyo hatumchapi, tunamtuliza."

Akanipa vidonge vidogo vya kuituliza mishipa hiyo. Niliposikia ni vile wanavyopewa watu wenye huzuni nyingi, nikawaka: mimi si mwendawazimu! Mama Chelangat akanitazama tu, nikavimeza. Na kila asubuhi, akimaliza kukamua, alinipapasa mkono kama daktari alivyomwonyesha, ili uzoee kuguswa. Kwanza pamba, baadaye leso, baadaye blanketi, mwisho gunia la majani. Nilitukana, Mungu anisamehe. Yeye aliendelea, anaomba huku anapapasa. Wiki baada ya wiki moto ukapungua. Siku niliyochuna jani moja la chai kwa mkono huu nikasikia ubaridi wa umande, umande tu, nilipiga magoti katikati ya mistari ya chai.

Msiniambie basi sikuwa na imani! Aliyeumba seli hizo zisizosinzia ndiye aliyeniletea daktari anayezijua, na mke asiyechoka. Uchungu haujaisha wote. Siku za baridi unabisha hodi. Lakini hauniamrishi tena, na wala nyinyi hamniamrishi ninyamaze.

Nikaenda Mulot mwenyewe. Nikamweleza arap Tonui kila kitu mbele ya watu wake, hata kulia kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua mkono huu kwa mikono yake miwili, taratibu, akasema, "Ungeniambia siku ile, ndugu yangu, ningekushika bega." Yule pale, benchi la pili, na Chelangat, sasa mke wa mwanawe, yuko kando yake, na tumbo la binti yangu mnaliona wenyewe. Bwana asifiwe!

Sasa namalizia. Humu ndani yupo mtu anayeumwa mahali ambapo hakuna kidonda. Umeambiwa unajifanya. Umeambiwa uombe zaidi. Umesaga meno mpaka yamechakaa. Mtumaini Mungu, na ufungue mdomo! Nitasimama pale mlangoni baada ya ibada. Njoo unisalimie kwa mkono huu wa kulia. Wazee wale wanne pia waje, ila wasibane. Na wewe unayeumwa, kama hutaki kuguswa, usinipe mkono. Simama tu karibu nami. Sitakuuliza kidonda kiko wapi. Nitakuamini.