Mguu wa Mama kwa Kirusi

Kijana aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa kama amekalia siafu: mara afungue kitabu cha Kirusi, mara achungulie simu. Muuguzi aliyekaa naye akamuuliza nyumbani wanayaonaje masomo hayo.

"Wanadhani nasomea udaktari, mama, kumbe ni Kirusi tu. Juzi mama yangu kanionyesha mguu umevimba, anataka jina la ugonjwa. Nikamtajia neno la Kirusi."

"Maana yake?"

"Dirisha. Sasa anawatambia majirani, eti mwanawe kaugundua ugonjwa."

Nilicheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Muuguzi hakucheka.

"Na mguu je?"

"Unazidi kuvimba."

Basi likasimama. "Chuo, wa chuo," kondakta akaita. Kijana akainuka, akatazama mlango, akaketi tena.