Macho ya Alhamisi

Benchi letu lilikuwa nje ya stesheni ya treni ya Husby, huku ughaibuni, na Novemba ile ya 2009 giza liliingia saa tisa na nusu mchana bila kupiga hodi. Waziri wa Kahawa alikuwa Adrienne, kwa sababu chupa ni yake. Mugambi, dereva wa basi, tulimwita Wakili, maana hakubali kushindwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza, na siku ile natamani ningebaki nyumbani. Baudouin, tuliyemwita Shuka kwa kuwa alitandika vitanda kwenye nyumba ya wazee, alikuja amevaa miwani ya jua.

— Jua liko wapi, Shuka? Adrienne akamuuliza.

— Ngoja nieleze, dada. Kila Alhamisi wanaonyeshaka wazee filme za kale, zile bila sauti, juu wengi hawasikie tena. Kuna mzungu amejipaka masizi, anajifanya boyi mweusi wa nyumbani. Mzimu unatokea, kumbe ni mtu ndani ya shuka. Boyi anatoa macho, anakimbia. Wazee wanacheka mpaka machozi.

— Huo ni ubaguzi, bana! Wakili akaruka. Si ungeripoti?

— Sikia kwanza. Alhamisi moja nikaingia na mashuka kwa mikono. Wote wakageuka. Bibi mmoja, tangu Noeli hajasema neno, akasema: "Kimbia!" Nikatoa macho. Nikakimbia mpaka kwa korido.

Hakuna aliyecheka.

— Sasa kila Alhamisi wananingojea nirudie. Chef wangu wa kazi anasema ni dawa yao. Lakini jana, kwa lifti, niko peke yangu, niliona kwa kioo macho yanatoka yenyewe. Kesho Alhamisi. Niende?

— Ni uchovu tu, Wakili akasema. Shifti zimekumaliza.

— Uchovu gani? Adrienne akasema. Yule mzungu alikufa bila kunawa. Anatafuta sura ya kukaa.

— Basi hiyo filamu haijawahi kuisha, Wakili akasema taratibu. Inatafuta tu mtu wa kuiendeleza.

Wakili akajigusa shavu, akatazama vidole kama vina masizi. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Pembeni alikaa Libérate, mgeni wa Adrienne kutoka mtaa wa Fisksätra. Akamgeukia Baudouin.

— Samahani, kaka. Siku ile ya kwanza, bibi alisema "kimbia" kabla hujatoa macho, ama baada? Maana kama ni baada, macho yalitoka yenyewe tangu siku ile.

 Baudouin akaanza kuvua miwani, polepole.

Sote tukainamia vikombe vyetu tusiyaone macho yake, ingawa kahawa ilishaisha.