Kikwembe cha Asante kwenye Pua ya Koko

Kama una haraka, hapana kaa kwenye banc, ile kiti murefu ya Kanyere muuza kahawa. Iko pale chini, mwanzo wa kilima cha kutoka Butembo kwenda Kipese, na kila mutu anayekaa pale na kikombe cha kahawa anageuka ingénieur. Asubuhi ile macho yote yalikuwa kwa tracteur moja nzee iliyosimama kando ya barabara ikitoa mvuke. Inaitwa Koko, ni kusema babu, maana ilianza kulima mbele hata dereva wake Phinées hajazaliwa. Puani pake palifungwa kikwembe, kitenge safi cha bluu chenye kuandikwa «Asante Mungu», zawadi ya bamama wa association ya Kipese siku ya ibada ya kushukuru mavuno. Kila mupita-njia alikisifu. Phinées yeye hakuwa na moyo wa kusifu kitu. Camion ya batu ya vyuma vizee ilikuwa njiani, wanakuja kumubeba Koko wamukatekate, maana bamama, wenye tracteur, wameamua kumuuza, na Mama Mariette, présidente wa bamama, alikuwa ameshakaa kwenye banc akiwangojea.

— Nilisema, ni thermostat, akaanza Docteur Boulon. Jina lake ni Lévi, fundi wa ma moteur, na kwa kusema anashinda moteur yenyewe. Ile kitu ikifunga njia ya maji, moto inabakia ndani.

— Mais uliitoa, Phinées akasema. Iko mu mufuko yako.

Docteur akapapasa mufuko. Akaikuta.

— Basi ni courroie, ule mukanda wa kuzungusha pompe ya maji.

— Uliukaza jana.

— Donc ni joint ya culasse, ile ya kuziba kichwa ya moteur. Na pale, ndugu yangu, ni kulia tu.

Phinées alisikia roho inashuka mpaka kwenye botte. Bila Koko, bamama watarudia jembe, migongo chini toka asubuhi. Na yeye mwenyewe atarudia nini?

Mbusa, mwenye kuziba matairi, ambaye wote wanamuita Papa Pneu, akakohoa. Akikohoa vile, ujue methali iko karibu.

— Docteur, wewe unaangalia chuma, mimi ninaangalia roho. Koko amesikia kama wanamuuza. Mutu akisikia habari mbaya, tension ya damu haipande?

— Tracteur iko na tension?

— Ile aiguille, mushale wa joto, inapanda mpaka kwa nyekundu, ni nini basi? Wazee walisema: dawa ya moto ni moto. Umupandishe kilima kwa nguvu, utaona!

— Nilimupandisha, Phinées akasema. Akachemuka kwa kona ya kwanza.

— Ah. Basi, maji yakimwagika hayazoleki, Papa Pneu akasema, akanywa kahawa yake kama mutu aliyejibu swali.

Kanyere, akiwamiminia, akauliza:

— Mais ilianza lini?

— Tangu ile ibada ya mavuno, Phinées akasema. Mbele ya pale alikuwa mupole kabisa.

— Voilà! Papa Pneu akajipiga kofi kwa goti. Nani aliomba juu yake siku ile?

— Pasta.

— Pasta peke yake?

— Padri naye alikuwa anapita, akasimama, akamunyunyizia maji.

— Eh, Nzambe! Baraka mbili, ya protestant na ya catholique, mu moteur moja! Zinasukumana humo ndani, kila moja inataka kutangulia. Njo ile moto!

Docteur akacheka mpaka kahawa ikamupalia. Halafu, kwa kuogopa kushindwa, naye akatoa yake:

— Ao ni maji yenyewe. Maji ya Butembo imezoea biashara, haitulie pahali pamoja.

Phinées akachoka nao. Akaenda kwa Koko, mukono ukielekea bouchon ya radiateur, kifuniko cha tanki ya maji.

— Wee, Phinées! Mariette akapaza sauti. Hapana fungula, ikiwa moto itakuunguza uso! Wacha ipoe.

Akaacha. Akachukua kitambaa, akapangusa vumbi juu ya kikwembe, polepole. Kwao zawadi ya asante haifunguliwe na aliyepewa, hata mvua inyeshe.

— Mwanangu, Mariette akasema kwa sauti ya chini, hata mimi inaniuma. Mwaka nilimuzika bwana yangu sikuwa na nguvu ya kushika jembe. Koko alinilimia shamba yote, na wewe ulikataa hata chakula. Kile kikwembe nilikifunga na mikono yangu. Mais bamama wamechoka kusukuma.

Phinées akaendelea kupangusa pahali pamoja.

Pale moto ya taxi, pikipiki, ikasimama. Akashuka mama kijana, Christa, ametoka Mangina kwa joto kusalimia dada yake, mutoto kwa mugongo. Baridi ya Butembo ilimushitua, akaomba kahawa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akamuangalia Koko muda murefu.

— Bapapa, samahani. Hii kitu inapumuaka kwa wapi?

— Inapumua kwa... Docteur akaanza.

— Maana mimi mutoto wangu, juu ya hii baridi, nimemufunika yote. Mais pua nimeacha.

Docteur Boulon akashusha kikombe chake chini. Alijua vizuri, sawa na fundi yeyote, kama radiateur iko nyuma ya ile pua, na hélice, ile feni, inavuta upepo pale mbele kwa kupoza maji. Phinées alijua pia. Wote walijua, na kila siku walikuwa wanasoma «Asante Mungu» tu. Sasa hakuna aliyethubutu kumuangalia Mariette.

Mariette akasimama mwenyewe.

— Ni mimi nilifunga, ni mimi nitafungula.

Fundo likaachia. Kikwembe kilikuwa kimevutwa mpaka kushikamana na chuma, na nyuma yake radiateur imejaa majani na maganda ya maharagi.

— Ee Yesu! Asante yangu njo ilimuziba pumzi!

Akacheka, na machozi yakamutoka palepale. Phinées naye hakuyaficha yake.

Moteur ilipopoa, Kanyere akaleta bidon yake ya maji bila kuombwa. Docteur akamwaga kutokea nyuma, takataka zikatoka kwa mbele, na maji yenye kubakia wakayajaza ndani. Phinées akawasha. Koko akapanda kilima, kona ya kwanza, ya pili, mpaka juu kabisa, akarudi akinguruma, aiguille imelala katikati. Akakuta ile camion imefika, na Mariette amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

— Murudi, bapapa. Mugonjwa amepona.

Papa Pneu akakohoa.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone.

Wote wakageuka kumuangalia. Kwa mara ya kwanza methali yake ilianguka mahali pake, na yeye mwenyewe alishituka.

Mariette akakunguta kikwembe, akamuangalia Phinées. Phinées akaitika kwa kichwa. Basi akamufunga nacho Christa, juu ya mutoto, akiacha pua inje.

— Wasingya, mwanangu, akamuambia kwa Kinande. Asante sana.

— Kanyere, ongeza kahawa! Docteur akaita. Leo ni fête!

— Kahawa ya wapi? Maji yote iko mu Koko.

Phinées akaweka mukono juu ya capot ya moteur. Ilikuwa na joto ya kawaida tu.

— Wacha anywe, akasema. Koko anywe kwanza.