Koleji ya Majembe

Ukiingia Shauri Moyo kutoka upande wa Gikomba, utaliona benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mkaa, na juu yake wanaume wanaoongea kana kwamba wanalipwa. Hapo ndipo Khadro huuza kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo mimi hupoteza jioni zangu tangu nihamie mtaa huu mwaka wa sabini na tatu. Kabiru, fundi wa nguo, tunamwita Redio kwa sababu hakuna anayejua anazimwa wapi. Ndung'u ni tarishi wa mahakamani, basi tunamwita Jaji, na jina limemkaa vizuri kupita kiasi. Matheka huendesha lori la saruji, kwa hivyo ni Gia. Ni mtu wa maneno machache, na jioni ile ya Jumatatu alifika amenuna hata Khadro akamwekea kikombe bila kumtania.

— Gia, nani amekukanyaga? Redio akauliza.

— Kesho naenda kutoa Wayua kwa hiyo koleji. Nimeshaomba mdosi ruhusa.

Tukaacha kunywa. Wayua ni binti yake wa kwanza. Alipomaliza kidato cha nne, vyuo vya mjini vilikuwa na karo ya kutisha, basi Matheka akampeleka chuo kidogo cha harambee huko Ukambani, mbali na lami, ambako karo ni nafuu na mzazi akikwama anapeleka gunia la mahindi. Anasomea mambo ya maji: visima, mabomba, mabwawa. Tulimcheka Matheka sana, tukamwambia maji ya Nairobi yanatoka kwa mfereji na hayahitaji cheti. Hakujali. Alikuwa anajivunia yule msichana mpaka raha.

— Kwani imekuwa nini?

— Nilienda Jumamosi. Sikuambia mtu, nilitaka kumshtua na mkate na sukari. Nafika geti, madarasa tupu! Hakuna mwalimu, hakuna chaki. Watoto wote wako chini kwa bonde na majembe, wanachimba. Wayua wangu ana matope mpaka hapa. Na mwanaume mmoja wa gambuti anapiga kelele, vuta, vuta! Nikauliza mama mmoja, huyu ni nani? Ananiambia ndiye prinsipali.

— Ukamfanyia nini?

— Nilishikwa na hasira, bwana. Niliona nikifungua mdomo nitapiga mtu. Nikageuka, nikapanda basi.

Benchi likapata kazi.

— Kesi rahisi, Jaji akasema. Huyo prinsipali ana shamba. Mtoto anapewa jembe, anaitwa mwanachuo. Hawa tunawaona kortini kila siku.

— Wewe unawaona saa ngapi na unabeba mafaili? Khadro akamuuliza.

— Shamba gani ndani ya bonde? Redio akadakia. Hapo kuna dhahabu! Ukambani yote chini ni dhahabu tupu. Ndio maana mvua hainyeshi.

— Dhahabu inazuiaje mvua? nikauliza.

— Wewe ulisomea wapi? Wacha wenye kujua waongee.

— Hapana, ngoja, Jaji akasema, macho yamemtoka. Nimekumbuka. Kuna mzungu anatafuta mahali pa kufuga mamba. Ngozi inaenda Ulaya kushonwa mikoba. Shimo kubwa namna hiyo ni la nini, kama si la mamba?

— Na hao mamba watakula nini? Khadro akauliza.

Jaji akamtazama Matheka, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyefika matangani.

Matheka akaweka kikombe chini. Nilikuwa karibu kucheka, nikashindwa. Huyu mtu alikuwa anamtoa mwanawe shule, na sisi tunamchochea kwa kahawa.

Basi ndipo Wayua akatokea, anakuja mbio kutoka upande wa Muthurwa, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

— Hamjambo wazee. Baba, nani amekufa?

— Amekufa nani? Matheka akaruka kutoka kwa benchi.

— Si ndio nauliza! Nilikuona Jumamosi pale getini. Nikakuita, ukageuka. Nikakimbia mpaka barabarani, basi ikaniacha, na kule nyingine ni ya leo Jumatatu. Mtu anatoka Nairobi mpaka kule, anarudi bila hata kunisalimia? Nikajua umeshindwa kuniambia. Ni mama?

— Hakuna mtu amekufa, mama. Mama yako yuko nyumbani anapika. Wote ni wazima, wote kabisa.

Wayua akaketi palepale chini, akafunika uso kwa kanga, na hatukujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Redio hakuweza kuvumilia.

— Sasa yale majembe? Baba yako anadhani mnateswa.

— Ni mwethya, mzee. Jumamosi hatuna darasa. Wanafunzi, walimu, wamama wa kijiji, wote tunachimba bwawa. Sisi ndio tulilipima na kulichora. Kijiji kinatuletea chakula, ndio karo ikawa rahisi.

— Na yule wa kupiga kelele?

— Prinsipali? Tulikuwa tunavuta gogo naye.

— Mwethya, Matheka akasema polepole. Mwethya!

Kila Mkamba anajua mwethya, kijiji kuitana na majembe kumaliza kazi ya wote. Mamake Matheka, ambaye Wayua amerithi jina lake, ndiye alikuwa akianzisha nyimbo huko kwao. Matheka mwenyewe ametusimulia hapa benchini hata tukachoka. Lakini ukibeba saruji ya Nairobi miaka mingi, ukiona watu wengi na majembe na mmoja anapaza sauti, unafikiria kazi ya kifungo tu. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, akajipangusa kwa kofia. Khadro akamwongezea kahawa bila kuulizwa, na hakuna aliyetaja mamba.

Wayua akafunga kamba ya kiatu, akainua uso.

— Lakini baba, ulikuwa pale, karibu kabisa. Kama uliona nateswa, mbona hukuingia kunitoa?

Nikamtazama Jaji, mwenye hukumu ya kila kesi. Anakoroga kahawa isiyo na sukari. Nikamtazama Redio. Amezimika.

Matheka akarudi kwenye benchi. Akasogea kidogo, binti yake akakaa kando yake.

— Jumamosi mnachimba tena?

— Mpaka mvua ifike.

— Nitaingia, mama. Mnaanza saa ngapi?