Kidude cha Muhsin wa Korogwe

Kijiwe chetu hapa Mkata kiko mbele ya karakana yangu, mimi Faraji, fundi wa milango na madirisha ya alumini. Wananiita Ukucha, kwa sababu rangi naipima kwa ukucha: nikikwaruza isipotoka, kazi imekubali. Miaka kumi na moja hakuna aliyelalamika kwa sauti. Sasa amehamia Muhsin, fundi wa alumini kama mimi, kutoka Korogwe na kidude cha mkononi. Anakigusisha kwenye alumini iliyopakwa rangi, kinamwonyesha unene wa rangi ile. Kazi ya madirisha ya zahanati ilikuwa yangu kabisa, lakini sasa kesho kamati inaamua impe nani kati yetu. Nina wivu, sifichi. Leo asubuhi tulikuwa kijiweni tunakunywa kahawa ya Mzee Sadala.

— Kile kidude ni uongo, nikaanza. Nimebandika sumaku kwenye dirisha langu, ikaanguka. Alumini haishiki sumaku. Sasa kinapima nini?

— Cha Muhsin hakitumii sumaku, akasema Lekishon, muuza ng'ombe, tunayemwita Mnada. Kinapeleka umeme kidogo kwenye alumini. Rangi ikiwa nene, umeme unafika umechoka. Ndivyo alivyonieleza.

— Na wewe ukaamini?

— Mimi nauza ng'ombe, Ukucha. Naamini mizani.

Mdoe, Profesa wetu kwa kuwa aliwahi kulinda geti la chuo, akaweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Ile ni simu, imebadilishwa ganda tu. Kuna mtu Korogwe anamtumia namba.

— Namba ya dirisha asiloliona? akauliza Mnada.

— Analiona. Setilaiti. Mbona Muhsin anapimia nje, hapimii ndani?

Nilijua ni upuuzi, lakini roho yangu ilitulia kidogo.

— Hayo kamwambie mwenyekiti, Profesa.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mama Hafsa, alikuwa anashuka kwenye bodaboda nyuma yetu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Faraji, kesho tunapima dirisha la Muhsin na lako. Nasikia wewe hutaki.

— Kidude kinadanganya, mama.

— Haya. Kama kinadanganya, si kitawadanganya wote wawili? Mbona unaogopa wewe peke yako?

Profesa aligeuka akawa anatazama basi la Handeni likipita. Mlango wa nyumba yake ni kazi yangu, rangi nilipaka mkono mmoja tu badala ya miwili, na mwaka huu imeanza kubabuka.