Mpimaji na Maneno Yake Matano

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa kituo cha utafiti mliotoka kazini moja kwa moja, familia inawashukuru kwa kuketi nasi, na inawaomba msikilize kwa utulivu historia ya mpendwa wetu, ambayo imeandikwa na mke wake kwa mkono wake mwenyewe, na inasomwa na mdogo wa marehemu, aliyeombwa asiongeze neno wala asipunguze, hata atakapofika mahali panapomgusa yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1959 hadi 1965, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake kwamba mtoto huyu hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hufikiri kwanza, maneno ambayo mama yake aliyachukulia kuwa lawama, na baba yake akayachukulia kuwa sifa. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akahitimu uuguzi tarehe 14 Novemba 1973, kisha akafanya kazi kwa miaka mitano na ushee katika wodi ya wagonjwa wa akili, ambako inasemekana hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Tarehe 1 Agosti 1979 aliajiriwa kuwa mpimaji katika kituo kilichochunguza jinsi chakula, dawa na mazungumzo ya tiba vinavyogusa hali ya moyo na kumbukumbu ya mtu, na kwa kuwa wengi wenu hamkuwahi kuingia mle ndani, inafaa ielezwe kwamba washiriki waligawanywa makundi, wengine wakala samaki na mboga za majani kila siku, wengine wakameza vidonge, wengine wakakaa na mshauri wakazungumza, na marehemu, ambaye hakuruhusiwa kujua nani yuko kundi gani, ndiye aliyewapima wote kila wiki. Alimsomea kila mmoja maneno matano, kijiko, mlango, chungwa, kofia, mto, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, wakapiga soga za kawaida kwa dakika kumi, kisha akaomba arudishiwe maneno yake. Ili asimpendelee mtu wala kumvunja moyo, alijifunza uso wa kazini, usiocheka wala kununa, na jioni nyingine aliusahau akaja nao nyumbani, mpaka mkewe akawa anampokea mlangoni akimwambia, "Vua na huo uso, hapa si kituoni." Washiriki walimbandika jina la Mzee Matano angali kijana wa miaka thelathini, na jina likamganda.

Mke alimpata palepale kituoni, katika jiko la utafiti, alikokuwa akipima kila kijiko cha mafuta na kila chembe ya chumvi kwenye mizani, akaitwa Bi Gramu. Mapenzi yao yalianza vibaya, maana mpishi alijua nani anakula nini na mpimaji hakutakiwa kujua, hivyo mkuu wa kituo akawaita ofisini akawaambia kwamba wakitaka kuoana ni heri, ila wasizungumze mpaka utafiti uishe, nao wakatii kwa miezi kumi na minne, wakipishana kwenye korido kama watu wanaodaiana, hadi ripoti ilipotoka mwishoni mwa Novemba 1981, ikisema kwamba tofauti zilikuwa ndogo na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Walioana tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na bwana harusi alipoombwa kusema machache alisimama akasema kwamba kwa upande wake hahitaji utafiti zaidi, akakaa. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1983, na wavulana wawili, 1986 na 1990, ambao wote wapo hapa na wenzi wao, pamoja na wajukuu wanne.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akiwa amesoma maneno yale matano kwa karibu miaka thelathini na miwili, akajitwalia kazi ya kupika mayai ya asubuhi, kazi aliyoipenda na ambayo, kwa ukweli, hakuiweza sana.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa mke wake anaomba asikilizwe. Mwezi Februari 2016 aliona kopo la chumvi, ambalo nyumbani kwake humalizika kwa siku thelathini na mbili, limemalizika kwa siku tisa, na mtu aliyepima chumvi maisha yake yote hawezi kulipuuza hilo, kwa hiyo akaanza kuangalia, akaona mumewe anatia chumvi, anageuka kutafuta kijiko, kisha anatia tena. Tarehe 17 Mei alimpeleka hospitali. Daktari, kijana mwema, alimsomea marehemu maneno matano, na kwa kuwa karatasi ya hospitali ilikuwa nakala ya ileile ya kituo, yalikuwa kijiko, mlango, chungwa, kofia, mto, na marehemu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amevaa viatu viwili tofauti, alipata matano kwa matano. Mkewe alijaribu kueleza kwamba maneno hayo mumewe anayajua kuliko majina ya wanawe, lakini daktari alitabasamu akasema, "Mama, kumbukumbu yake inanishinda hata mimi," na marehemu, kwa adabu zake, akamshukuru.

Katika kikao cha familia cha tarehe 8 Julai 2016, mke alieleza tena habari za kopo, na shemeji yake akamjibu mbele ya watu wote kwamba mzee aliyekula chumvi nyingi lazima aizoee, watu wakacheka, kisha akaongeza kwamba anamzeesha kaka yake kabla ya siku zake. Aliyesema hayo ndiye anayesoma karatasi hii, naye aliuona mstari huu jana, akaambiwa anaweza kuuruka, akakataa. Mke alirudi nyumbani na machozi yake, na kwa zaidi ya mwaka hakulitaja jambo hilo tena kwa mtu yeyote. Aprili 2017, kwa tarehe iliyokuwa imepangwa na hospitali, marehemu alipimwa mara ya pili kwa maneno yaleyale, akapata matano.

Ndipo Bi Gramu alipokumbuka kazi yake. Alichukua daftari la shule la mjukuu, akatunga maneno yake mwenyewe ya humu nyumbani, sufuria, ndala, kalenda, kitunguu, shuka, siku ya pili mengine, ya tatu mengine, akamsomea mumewe kabla ya chai na kumuuliza baada ya kikombe, akiwa amevaa uso wa kazini aliofundishwa bila kujua, na akaandika tarehe, saa na jibu bila kuongeza maoni. Kwa siku ishirini na moja marehemu alipata neno moja mara nne, na siku zilizobaki hakupata kitu. Daktari yuleyule alisoma daftari lile mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza akalisoma tena, na tarehe 4 Oktoba 2017 ugonjwa ukapata jina na dawa zikaanza. Kama zingeanza mapema zingesaidia kiasi gani, hakuna anayejua, na mke anasema hataki mtu alale na swali hilo, ameshalala nalo yeye.

Miaka iliyofuata maneno yalimtoka mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2021 jina la mkewe nalo likaenda, jambo lililomuuma mke kuliko anavyoweza kuandika. Yalibaki yale matano. Kila asubuhi alijiinua kitandani, akamsomea mkewe kwa sauti ya kazini, akangoja dakika kumi bila saa na bila kukosea, akamuuliza, na akishajibiwa alisema, "Vizuri sana mama, tuonane wiki ijayo." Siku moja mkewe aliacha neno moja makusudi, aone atafanywa nini, naye marehemu akamwambia polepole, "Usijali mama, leo umechoka tu," na mke akaenda jikoni akalia, kwa kujua kwamba hivyo ndivyo alivyowatendea watu wote asiowajua, kwa miaka yote ile.

Alhamisi tarehe 22 Juni 2023, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, alimsomea maneno matano. Mke aliketi akingoja kuulizwa. Ilipofika saa mbili na nusu alimwinamia, akakuta ameshakwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule daktari kijana, aliyekuja nyumbani kwa miguu yake kuomba radhi na akanywa chai, majirani waliomrudisha mzee mara mbili alipopotea bila kumwaibisha, na wenzake wa kituoni, ambao tangu mwaka jana wana orodha nane tofauti, na humuuliza kwanza mtu kama amewahi kuzisoma. Msomaji kwa upande wake anamshukuru shemeji yake kwa kumpa kazi hii ya leo, na hilo ndilo neno pekee aliloruhusiwa kuongeza.

Mwisho, mke wa marehemu anasema kwamba tangu asubuhi ile ameyashika maneno aliyopewa, hakuna aliyemuuliza, na asingependa mume wake aondoke bila majibu yake. Ni haya hapa, kwa mpangilio. Kijiko, mlango, chungwa, kofia, mto.

Pumzika kwa amani, mpimaji.