Neno Alilokuwa Akiliruka Mzee Wambura

Baba paroko, viongozi, ndugu, majirani na waombolezaji wote mliofika hapa Kibara, anayewasomea ni Gibson Wambura, kaka yake marehemu, na mtuwie radhi sauti ikikatika, maana familia imechoka. Historia hii imeandikwa mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza baba aliirudisha, akasema kuna neno limerukwa.

Wegesa Wambura alizaliwa tarehe 14 Machi 1997, Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Wambura Mseti na mama Boke, akalelewa Mukendo, Musoma mjini, ambako baba ana duka la vifaa vya ujenzi, akamaliza darasa la saba mwaka 2010, kidato cha nne 2014 na cha sita 2017.

Oktoba 2017 alijiunga na chuo kikuu, Dar es Salaam, kusomea shahada ya Usimamizi wa Michezo, na hapo ndipo lilipoanza lile neno, kwa kuwa baba, aliyeuza ng'ombe wawili ili binti asome, aliona aibu wenzake wa Mukendo wasije wakasema ng'ombe wameliwa na mpira, hivyo kila alipoulizwa alijibu kwamba binti anasoma usimamizi, akaishia hapo. Mwaka wa pili wanafunzi walimchagua kuwa Waziri wa Michezo wa serikali yao, baba akatangaza dukani kwamba sasa ana waziri, wizara hakuitaja. Waziri mwenyewe alikuwa akichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, akigombania wasichana wapewe uwanja jioni badala ya kuachiwa jua la saa nane, na kupanga ratiba ambayo hata timu inayoburuta mkia ilijua siku yake.

Alihitimu Novemba 2020, akazunguka na vyeti zaidi ya mwaka bila ajira, hadi Machi 2022 alipopata kazi ya mkataba hapa Kibara, kusimamia ligi ya mpira wa pete ya wasichana wa vijiji vya ziwani, akakutana na Eliasi Felisian, mvuvi, wakafunga ndoa tarehe 10 Desemba 2022, na tarehe 3 Februari 2024 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Dorotea.

Mei 2024 miguu ilianza kuvimba, ikaonekana figo zimeshindwa kazi, ikabidi asafishwe damu Mwanza kila Jumatatu na Alhamisi, akahamia kwangu Bunda, yanakopita mabasi ya Mwanza. Miezi ya kwanza familia ilivurugana, leo wanasafiri watatu, kesho kutwa hakuna, kila mmoja akidhani mwenzake ameenda, hata Wegesa akasafiri peke yake mara mbili. Ndipo akaomba karatasi, akapanga nani anamsindikiza, nani anabaki na Dorotea, nani yuko akiba, akaibandika kwenye mlango wa jiko. Baba alisimama mbele ya ile karatasi akaisoma yote, akauliza nani kamfundisha kupanga watu bila wao kugombana, Wegesa akamjibu, "Baba, si ndiyo nilikuwaga nasoma." Baba akairudia karatasi, akalitafuta tena jina lake.

Wegesa alifariki Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Mwanza, ikiwa zamu ya baba, naye alikuwa amekaa pembeni ya kitanda ameshika kandambili za binti yake. Baba alipoletewa ile historia ya kwanza, inayosema shahada ya usimamizi, kama alivyotuzoesha mwenyewe kusema, alichukua kalamu akaongeza kwa mkono wake: wa michezo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, makondakta waliomwekea siti ya mbele, majirani wa Bunda, wafanyakazi wenzake, na wasichana wa timu za Kibara waliokesha nasi.

Ile ratiba bado iko mlangoni, inafika mwisho wa Desemba, hakuna aliyeweza kuibandua. Dorotea tutapokezana kumlea, sisi na baba yake Eliasi, kama ulivyotupanga, Wegesa, wewe pumzika kwa amani.